Miezi Mitatu ya Elisabeti

Sisi tukaao Niania twaijua kazi. Hapa ndipo njia zinapokutana: moja yatoka Kisangani yaelekea Mambasa na Bunia, nyingine yashika upande wa Wamba na Isiro. Malori husimama, watu hushuka na njaa, na mama mwenye wali na sombe ya mawese hupata fedha kidogo ya sabuni na ya shule. Lakini mpunga na mihogo havioti njiani. Mashamba yako ndani ya msitu, mara nyingi mwendo wa saa moja na zaidi, kwa matope na vijito. Mama hurudi na kitunga mgongoni, kamba imembana paji la uso. Naye mwenye mimba ya miezi minane hurudi vivyo hivyo.

Tuseme wazi hali yake, maana wanaume wengi hawaijui, na wasichana wengi hawakuambiwa. Mtoto akikua, tumbo la uzazi hulisukuma juu tumbo la chakula. Ndipo kiungulia huja, hasa mama akila na kushiba sana, kisha akalala papo hapo. Mapafu nayo hupungukiwa na nafasi, hata kilima kidogo humkatisha pumzi. Viungo vya nyonga hulegea vikijitayarisha kwa uzazi, na mgongo hujipinda nyuma ili ushike uzito ulio mbele. Kwa hiyo kiuno huuma. Damu ya miguu hupanda kwa shida, kwa kuwa mishipa yake imekandamizwa. Jioni miguu imevimba, na usiku shavu la mguu hukaza ghafula hata mama akalia kwa sauti. Hayo si uvivu, wala si uchawi wa jirani.

Tulipokuwa katika mimba yetu ya mwisho, mama mkwe alituona tumeketi juu ya kigoda mbele ya kinu. Akasema, “Mimi nilizaa wanane, na kila mara nilitoka shambani siku ile ile.” Hatukumjibu, mama mkwe hajibiwi hivyo. Tena alisema kweli. Lakini jioni ile, tukiota moto, alituhesabia mwenyewe kwa sauti ndogo: wanane waliozaliwa, watatu waliozikwa kabla ya kutambaa. Hatusemi kwamba kitunga ndicho kilichowaua. Malaria peke yake yatosha. Ila tangu siku ile hakutaja tena kigoda chetu, na asubuhi tulikuta mtungi wa maji umekwisha kujazwa.

Yako mambo madogo yanayosaidia, na hayana gharama. Kutwanga hali umeketi. Kuchukua mzigo nusu mara mbili kuliko mzima mara moja. Na kuni nzito usiziguse kabisa. Kula kidogo mara nyingi. Kulala ubavu, hasa wa kushoto, ili damu ipite vema. Kuinua miguu juu ya kiti mchana, hata kwa muda wa rozari moja (na hakuna padri atakayekukemea kwa kusali umeketi). Wale wanaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu wana neno jingine la kusikia: moshi wa zebaki inapochomwa humdhuru mtoto tumboni, na pale mama mwenye mimba hana kazi yo yote ya kufanya.

Lakini mateso ya kawaida ni mbali na ugonjwa. Uso na mikono ikivimba, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza au nyota, hiyo yaweza kuwa kifafa cha mimba. Damu ikitoka, homa ikipanda, maji yakivunjika kabla ya wakati, au mtoto akiacha kucheza, usingoje lori la kesho wala usimalize palizi. Nenda kwa waganga wa hospitali siku ile ile. Na vidonge vya damu wanavyokupa wakati wa kupimwa, vimeze, hata vikikugeuza choo kuwa cheusi. Hiyo ndiyo tabia yake.

Mwalimu wa kike au mwandishi wa ofisi ana sheria ya kumtetea. Kanuni ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, yampa majuma 14 ya kupumzika, sita kabla ya kuzaa na manane baadaye, pamoja na theluthi mbili za mshahara. Ni jambo jema. Lakini shamba halina mwajiri wala karatasi. Nani atampa mkulima majuma yake sita?

Tulilifikiri swali hilo siku ya Bikira Maria kumtembelea Elisabeti, sikukuu iliyowekwa zamani tarehe 2 Julai, na tangu kalenda mpya ya 1969 yaadhimishwa 31 Mei. Mtakatifu Luka aandika kwamba Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita, na ya kuwa Maria alikaa kwake miezi kama mitatu. Sita na tatu ni tisa. Mama ye yote ajua kuhesabu hivyo. Basi alikaa miezi ile ile mizito, katika nyumba ya mwanamke mzee ambaye mumewe alikuwa bubu. Injili haituambii alifanya kazi gani. Sisi twaona hakuketi tu.

Kwa hiyo tuko wanawake sita tulioshika zamu. Mwenzetu akiingia mwezi wa saba, mmoja humchotea maji, mwingine humletea kuni, na siku ya palizi twaenda pamoja shambani kwake. Waume walipoombwa kuchukua vitunga walisitasita, kwa kuwa mwanamume mwenye kamba pajini huchekwa. Mmoja akakifunga kitunga juu ya baiskeli. Ajabu, mihogo ile ile, njia ile ile, wala hakuna aliyecheka! Sasa baiskeli ni tatu.

Mwenye zamu leo akaa karibu na njia ya Wamba. Mwezi wake ni wa nane, na mpunga wake umekwisha kuiva. Jumatano tutakwenda kuukata, kama mvua haikunyesha.