Chupa ile ya damu haikuwa yangu

Kila ninaposimulia yaliyonipata, swali la kwanza ninaloulizwa ni jina la nesi. Wanawake wenzangu wa Msimbati, huku Mtwara, wanataka kumjua, wanaume wanataka kujua kama tulimshtaki. Simtaji, na hospitali yenyewe siitaji, wala si kwa woga. Nesi yule alikuwa peke yake usiku ule na wodi nzima ya wazazi, baadhi yetu tumelala wawili kitanda kimoja. Ningemtaja, ungeondoka na jina lake ukidhani umeshalijua tatizo, kumbe tatizo umeliacha palepale wodini.

Ilikuwa Desemba 2016, msimu wa korosho unaelekea ukingoni na mvua za kwanza zimeshaanza. Uchungu ulinishika alasiri. Zamani zile usafiri wa kutoka kwetu kwenda mjini ulikuwa wa kuungaunga, na aliyekubali kunipakia ni mtu aliyekuwa akiwahisha samaki. Nikapita Madimba nimelala juu ya mkeka nyuma ya gari, mama mkwe amenishika kichwa, njia nzima anasoma dua.

Mtoto wa kike alizaliwa salama baada ya magharibi. Kondo likatoka, nikachomwa sindano ya paja, nikaletewa uji. Mimi nilidhani kazi imekwisha. Mama mkwe ndiye aliyeona. Alikuwa ametandika kanga chini yangu, ikalowa, akaitoa akaweka nyingine. Ile ya pili ikalowa kabla uji haujapoa. Akaenda kumwita nesi, akajibiwa kwa upole tu, "Ni damu ya uzazi hiyo, mama, itakata." Akarudi, akanitazama midomo, akaitoa ile kanga chini yangu ikichuruzika na kuibeba mpaka mezani kwa nesi. Nilimsikia akisema, "Mwanangu, usiniamini mimi. Itazame hii."

Nesi alikuja mbio. Akanikandamiza tumbo kwa ngumi mbili, akapiga kelele daktari aamshwe, dripu zikafunguliwa mikono yote miwili. Kuanzia hapo nakumbuka vipande vipande: dari inazunguka, baridi ya ajabu katika joto la Mtwara, na sauti ya mama mkwe ikinitajia jina la mwanangu, ambalo hata tulikuwa hatujakubaliana, ili nisilale. Shemeji zangu walitafutwa usiku huohuo waje kutoa damu.

Damu ikakata kwa dawa na kwa mikono ya watu wale, lakini niliyobakiwa nayo mwilini ilikuwa kidogo mno. Ilibidi niongezewe. Chupa ilifika asubuhi, zamu zinabadilishana, wa usiku anakabidhi huku macho yanamfumba, wa asubuhi ndiyo kwanza anavaa glavu. Nesi mpya akaja kitandani kwangu na ile chupa, akasoma jina. Likawa langu, na la baba likawa la baba yangu. Akaitundika, akaanza kuandaa mpira.

Mama mkwe akauliza, "Ni wa Msimbati huyo, au yule wa Nanguruwe?"

Nesi akasimama. Mama mkwe akamwonyesha kwa kidevu kitanda cha karibu na dirisha. Pale alilala mwanamke mwenye jina langu na jina la baba kama la baba yangu, majina ambayo pwani hii yako kila nyumba, naye alikuwa anasubiri kupasuliwa. Nesi akaishusha chupa, akafungua faili langu, akasoma kundi: O. Akageuza chupa. Imeandikwa B. Sikuwa na nguvu ya kusema neno, lakini niliuona mkono wake ukitetemeka alipokuwa akiiondoa.

Baadaye nilielezwa maana yake. Mtu wa kundi O akiwekewa damu ya B, mwili huishambulia damu ile papo hapo, chembe zake zinapasuka ndani ya mishipa, figo zinaweza kusimama. Mtu mzima mwenye afya yake anaweza kufa. Mimi nilikuwa nimeshamwagika nusu.

Mama mkwe hajui kusoma. Aliijua wodi ile kwa sababu usiku kucha, kila aliyeamka kumsogezea mgonjwa wake maji, alimsalimia na kumuuliza kwao ni wapi. Ndivyo tulivyolelewa huku. Huwezi kulala na watu chumba kimoja bila kujua wametoka wapi. Na mlinzi alikuwa ameshamtoa nje mara moja, maana muda wa ndugu ulikuwa umepita. Angemtoa tena alfajiri ile, nisingekuwepo kuandika.

Alhamdulillah nilipona, ila nisikudanganye kwamba nilitoka pale nikiwa mzima. Miezi mingi sikuweza kunyanyua hata ndoo nusu. Maziwa yalikuwa ya shida, mtoto analia, mimi nalia. Deni la usiku ule, la magari na dawa tulizonunua nje, mume wangu alilimaliza kwa kuuza korosho za msimu uliofuata kwa walanguzi wa kangomba, bado ziko juu ya mti, kwa bei ambayo mkulima yeyote wa Mtwara anaijua uchungu wake. Nikisikia chuma kimegongana na chuma nilikuwa naruka.

Kilichoniumiza kuliko hivyo vyote ni jirani yangu. Alikuwa mjamzito, akasikia kisa changu, akaamua atazalia nyumbani kwa mkunga wa jadi. Alizaa salama, Mungu alimstiri. Lakini nilielewa siku ile kwamba kisa changu kikisimuliwa nusu kinawatoa wanawake hospitali, na hospitali, pamoja na yote, ndiko nilikookolewa. Mkunga wa jadi hana dripu wala benki ya damu.

Nusu ya pili ilianza kwa simu. Muuguzi mfawidhi wa hospitali ile alitupigia, akasema wanataka tuje kuzungumza, mimi na mama mkwe. Mume wangu alidhani wanatafuta kujisafisha. Tulikwenda.

Nchini mwetu upo utaratibu mzuri ambao wengi hatuujui. Mama mjamzito au mzazi akifa, kifo kinatakiwa kitolewe taarifa ndani ya saa 24, na ndani ya siku 7 wahudumu wakae wakipitie hatua kwa hatua, bila kutaja majina na bila kumbebesha mtu lawama, watafute ni wapi mambo yalikatika. Lakini utaratibu huo ni wa waliokufa. Mimi nilikuwa hai, na aliyenusurika mara nyingi anapewa ruhusa na kadi ya kliniki, anakwenda zake na yale aliyoyaona. Wahudumu wale waliamua kukijadili kisa changu kama vile ningekuwa nimekufa, na wakaamua jambo la pili ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: waliopewa kiti mezani ni sisi tuliokuwa upande wa kitandani.

Nesi wa usiku alikuwepo. Alieleza alikuwa na wazazi wangapi, wangapi wamepasuliwa, na kwamba alipoitwa mara ya kwanza alikuwa ameshika kichwa cha mtoto anayetoka. Hakuna aliyemkemea. Kisha mganga mfawidhi akamgeukia mama mkwe, akamwita mama, akamuuliza angependa nini kibadilike. Nilitarajia aombe vitanda. Alisema, "Andikeni na kijiji."

Wakaandika. Kila mzazi anayeingia wodi ile anafungwa mkononi kipande cha plasta chenye jina lake, jina la baba na kijiji anachotoka. Damu haitundikwi mpaka watu wawili wasome chupa na faili kwa sauti, na mgonjwa mwenyewe au ndugu yake aitikie. Na mzazi aliyetoka kujifungua anaruhusiwa ndugu mmoja karibu naye katika saa zile za mwanzo, mlinzi ameelekezwa. Gharama yake ni plasta na kalamu. Hospitali nyingi zina timu za kuboresha huduma zenye mafaili yaliyopangika vizuri, na nyingine zimebandika ukutani zile S tano, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nazikubali. Ila kijiji kisingepatikana kwenye faili lolote, kwa sababu aliyekuwa nacho ni bibi aliyekaa sakafuni.

Na ile kanga? Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali karibu 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania. Wakunga waliacha kukisia damu kwa macho. Walimtandikia mzazi mfuko wa plastiki wenye alama, wakaisoma damu iliyomwagika, na ilipovuka kipimo walimpa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Kutokwa damu nyingi kupita kiasi, na upasuaji na vifo vinavyotokana na hali hiyo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Niliposimuliwa nilimpelekea habari mama mkwe, akasema hata yeye alipima, alipima kwa kanga na uji.

Siyo kwamba huku kusini hatukuwahi kufanya jambo la namna hii. Hapo Tandahimba, mwanzoni mwa miaka ya 2010, Taasisi ya Afya ya Ifakara iliendesha mradi ulioitwa EQUIP. Watu wa kujitolea wa kila kijiji, wahudumu wa vituo na viongozi wa wilaya waliletewa takwimu za kwao wenyewe, zilizokusanywa nyumba kwa nyumba na kituo kwa kituo, wakakaa wakachagua tatizo la kuanza nalo, wakajaribu, wakapima tena. Zahanati na kijiji vilisoma karatasi moja. Hilo ndilo ninaloliamini: takwimu zinazohusu miili yetu zirudi kwetu tuzisome.

Nchi imesogea, lazima niseme. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Mfumo wa m-mama ulizinduliwa kitaifa 2022, na leo dharura ya uzazi ikitokea mtu anapiga 115 bila malipo, gari linatafutwa, hata likiwa la dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Binti yangu akikua hatapanda gari la samaki. Lakini takwimu hizo zinahesabu waliokufa. Waliokaribia kufa, kama mimi, wako mitaani na majibu vifuani mwao, na wengi wao hakuna anayewauliza.

Mimi baadaye nilijitokeza kwenye kamati ya usimamizi wa kituo chetu cha kutolea huduma za afya, kwa nafasi ya wananchi. Tangu 2017/18 fedha za serikali na za wafadhili zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inayokaa na mganga mfawidhi kukubaliana zitumikeje. Kikao changu cha kwanza nilinyamaza, nikasikiliza hesabu za glavu na za taa za leba. Cha pili niliuliza wazazi wamesemaje. Nikaambiwa liko sanduku la maoni. Wazazi wengi hawaandiki karatasi za sandukuni, na hata anayejua kuandika anaogopa mwandiko wake utajulikana. Kwa hiyo siku za kliniki ninakaa nao kwenye benchi, nasikiliza, na ninachokisikia nakipeleka kikaoni bila jina la mtu. Mwanzoni wahudumu walinitazama kwa shaka. Sasa wapo wanaoniambia wenyewe, "Dada, hili liseme wewe, wewe watakusikia."

Nawe unayemsindikiza mgonjwa, baki karibu naye kadiri utakavyoruhusiwa. Chupa ya damu ikija, uliza kwa heshima ni ya nani, wa wapi, kundi gani, na sindano nayo iulizie. Mzazi akilowesha kanga moja baada ya nyingine, usingoje kuambiwa itakata; ibebe ukaionyeshe. Wewe mhudumu, ukiulizwa usikasirike, huyo anayeuliza anakusaidia kazi. Na nafasi za kamati ya kituo zikitangazwa kijijini kwako, jitokeze, hasa wewe mama uliyewahi kulala katika wodi zile. Ulizia kwa mtendaji wa kijiji.