"Sorry" na "Pole"

Katika silabusi ya Kiingereza tuliyosoma mwaka wa kwanza kulikuwa na ukurasa mmoja wa maneno ya adabu, umegawanywa katikati kwa mstari. Kushoto neno unaloambiwa, kulia jibu lake. "Thank you": "You're welcome." "How do you do?": "How do you do?" (hilo lilituchekesha sana, mtu anakuuliza nawe unamrudishia swali lake vilevile). "Sorry": "Never mind." Niliukariri ukurasa huo usiku mmoja kwa taa ya simu, maana Katuba hatukuwa na umeme, na kwenye mtihani wa mdomo sikukosa hata jibu moja.

Miaka miwili baadaye baba yangu alifariki. Siku ya pili ya matanga alikuja mwalimu wetu wa mazungumzo, mgeni kutoka Uingereza. Aliinama kupita chini ya turubai, akasalimia wazee kwa mikono miwili kama alivyoona wengine wakifanya, akaja mpaka nilipoketi. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini: "I'm so sorry."

Mimi, ambaye nilikuwa sijalala siku mbili, nikajibu palepale: "Never mind."

Hakuuachilia mkono wangu mara moja. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, akaenda kuketi. Si kitu. Usijali. Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyekuja kunililia baba yangu. Nilifahamu nilichosema usiku, watu wengi wakiwa wamekwisha kwenda, na aibu ile bado ninayo. Dada zangu, ambao hawajui Kiingereza, walikuwa wamejibu watu vizuri mchana kutwa: "Pole sana." "Aksanti." Mimi msomi ndiye niliyekosa jibu.

Silabusi siwezi kuilaumu peke yake, ingawa ukurasa ule ningefurahi kuuona ukichanwa. Kwetu kosa lina neno lake na uchungu una lake. Ukinikanyaga, unaniambia samahani. Ukinikuta nimejikwaa mwenyewe, unaniambia pole, na hakuna atakayedhani kwamba wewe ndiwe uliyeweka jiwe njiani. Kifaransa nacho kina namna yake ya kutenganisha: ukichelewa unasema "désolé", lakini penye matanga watu wanatoa "condoléances". Kiingereza kinabeba mizigo yote miwili kwa "sorry" moja. Na mzigo wa kwanza ulikuwa wa uchungu. Neno hilo linatoka katika Kiingereza cha kale, "sarig", mwenye maumivu, na ukoo wake ni ule wa "sore", kidonda. Wengi wetu tunalidhania ndugu ya "sorrow", masikio yanatudanganya. Kuomba radhi kulikuja baadaye. Kwa hiyo mwalimu alikuwa ameniambia kwamba anaumia, nami nikamwambia haidhuru.

Baada ya majuma mawili nilikwenda kumweleza. Nilikuwa nimeandaa sentensi zangu kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hakuwa amekasirika hata kidogo: alidhani mimi ni mtu wa imani kubwa sana. Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ndipo naye akaniuliza juu ya jambo lililomsumbua siku ile: wajukuu. Watoto wa dada yangu mkubwa walikuwa wamevaa kofia ya baba, wakakohoa kama yeye, wakapita kwa waombolezaji kudai hela wakisema babu amekufa na madeni yao. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Yeye hakujua aangalie wapi. Nilimweleza kwamba mjukuu na babu ni watu wa kutaniana: babu humwita mjukuu wake wa kike mke wake, na mjukuu wa kiume ni mwenzake wa kugombania mke. Babu akifa, utani haukatiki siku hiyohiyo. Mimi mtoto wake nisingethubutu kuigusa kofia ile. Alitafuta neno la Kiingereza la jambo hilo, akasema "joking", akalikataa mwenyewe.

Halafu akatukumbusha kosa letu, akitabasamu. Siku moja alisimama ubaoni akasema, "I feel a bit funny," na darasa zima likacheka, tukingoja kichekesho. Kumbe alikuwa na homa, na jioni ile alilazwa kwa malaria. "Funny" ni ya kuchekesha, na pia ni ya mambo yasiyo sawa. Lawama hapo ni yetu kweli, maana "drôle" ya Kifaransa ina pande hizo mbili na tunaitumia kila siku.

Kabla sijaondoka aliniomba nimfundishe "pole" vizuri, pamoja na jibu lake. Alilipenda neno hilo kupita kiasi. Alimpa mlinzi aliyelowa mvua, na mama muuza mandazi aliyeungua kidole, nao wakamwitikia kwa furaha.

Jumatatu moja alichelewa dakika 40. Aliingia akihema, mkoba begani, akasimama mbele yetu akatafuta neno.

"Poleni," akasema.

Tulitazamana. Kutoka safu ya nyuma mtu mmoja akajibu kwa heshima zote: "Never mind, Sir."