Kipimo cha Misumari Miwili

Katika nyumba za askari redio hupewa heshima ya mzee wa nyumba. Huwekwa mahali pa juu, hufunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na watoto hukatazwa kuigusa. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa sajini mmoja, katika kambi iliyoko mashariki mwa Uganda. Redio yake, ya mawe manne makubwa, ilikuwa ya marehemu baba yake aliyetumikia polisi. Sajini alipoondoka kwenda Somalia mapema mwaka 2014, aliacha amri chache, na mojawapo ilikuwa hii: redio isifunguliwe na mtu yeyote hadi atakaporudi.

Mwezi wa Juni redio ikanyamaza katikati ya taarifa ya habari. Mkewe akanunua mawe mapya, na bado ikawa kimya. Akaipeleka kwa fundi wa sokoni, naye, bila kufungua hata skrubu moja, akasema transista imekufa, kisha akataja bei ambayo ingemaliza nusu ya chakula cha mwezi. Mama akaibeba redio yake akarudi nayo.

Si kwamba nyumba ile haikuwa na simu. Simu ilikuwapo, na sauti ya sajini ilisikika mara moja kwa juma, mtandao ulipokubali. Lakini sajini, kama askari wengi, alisema siku zote kwamba mambo ni shwari. Habari za Mogadishu mkewe alizipata redioni, saa mbili usiku, watoto wakiwa wamekwisha kula. Sasa saa mbili ilifika na kupita, naye hakujua kama utulivu ule ni wa amani au ni wa redio mbovu tu.

Mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka 13, aliomba aifungue kwa ncha ya kisu cha jikoni. Mama akaifungia redio ndani ya sanduku la nguo, na ufunguo akauweka kifuani.

Nyumba ya pili kutoka pale alikaa mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa fundi wa mawasiliano jeshini. Mama alimwendea jioni moja, akamweleza amri ya mumewe na hofu yake mwenyewe. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "amri ya afande inaheshimiwa. Lakini niletee kijana kwanza. Redio iache sandukuni."

Kijana akaja mbio, akidhani atapewa bisibisi. Mzee akamwuliza kama kuruta hukabidhiwa bunduki kabla ya kufundishwa kuifungua na kuifunga. Kijana akajibu kwamba hapewi. "Basi na wewe hutaigusa redio ya babu yako mpaka uwe umetengeneza kwa mkono wako chombo cha kuipima."

Vitu alivyoagizwa kuleta vilikuwa takataka za nyumba yoyote: misumari miwili, waya wa simu ya zamani, mawe mawili madogo ya tochi, na chaja iliyokufa yenye kitaa chekundu kinachowaka ikichomekwa. Chaja ile mzee aliifungua mwenyewe. Kifaa kinachotumia umeme wa ukutani, alisema, huweza kuficha chaji katika kapasita zake hata baada ya kuchomolewa, na anayeanza hana kazi nacho. Akakitoa kile kitaa chekundu cha aina ya LED, na kutoka katika kopo lake la bati akatoa rezista moja yenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia. Kahawia ni 1, nyeusi ni 0, na kahawia ya tatu inasema ongeza sufuri moja. Jumla ni omu 100.

Kwa nini rezista? Hapo ndipo vitabu vingi humchosha mwanafunzi, ingawa hesabu yenyewe ni fupi. Jiwe moja la tochi lina volti 1.5, na mawili yakifuatana yana volti 3. Kitaa chekundu hujichukulia volti 2 hivi. Inabaki volti 1, ambayo ikigawanywa kwa omu 100 inatoa ampea 0.01, kiasi ambacho kitaa hukistahimili vyema. Ukiiondoa rezista, hakuna cha kuuzuia mkondo, na kitaa huweza kuungua mara moja. Kanuni hiyo aliieleza Mjerumani Georg Ohm katika kitabu alichokitoa mwaka 1827, na tangu hapo haijabadilika.

Mpango wa kuunganisha ulikuwa mnyofu. Mawe mawili yalifungwa pamoja ndani ya karatasi ngumu iliyoviringishwa, chanya ya moja ikigusa hasi ya jingine. Kutoka chanya waya ulikwenda kwenye rezista, kutoka rezista kwenye kitaa, kutoka kitaa kwenye msumari wa kwanza. Msumari wa pili uliunganishwa na hasi ya mawe. Pengo lilikuwa kati ya misumari. Misumari ikigusana pengo linazibika, umeme unazunguka na kurudi ulikotoka, na taa inawaka.

Haikuwaka. Kijana aligusanisha misumari mara kumi, akakaza waya, akabadili mawe, akakaribia kulia. Mzee alikuwa anakunywa chai na hakumsaidia. Hatimaye akamwambia aangalie miguu ya kitaa: mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Ule mrefu hutazama upande wa chanya. Kijana alikuwa amekigeuza, na kitaa cha namna ile ni dayodi, mlango unaofunguka upande mmoja tu. Akakigeuza. Mwanga mwekundu, mdogo kama punje ya mtama, ukatokea kiganjani mwake.

Kwa siku tatu hakuna kitu cha nyumbani kilichopona. Kijiko kiliwasha taa, mwiko haukuiwasha. Maji ya kunywa yalionekana hayapitishi kitu, lakini alipotia chumvi taa ikawaka. Ajabu iliyompendeza zaidi ilikuwa ya penseli. Alichora mstari mnene juu ya karatasi, akaweka misumari juu yake, na taa ikawaka kwa uhafifu hata ikabidi aifunike kwa kiganja apate kuiona. Alipoitenganisha misumari zaidi, mwanga ukapungua zaidi. Hapo alielewa ukinzani bila kukariri neno lake.

Kwa sababu ya penseli mzee alimsimulia habari za Anzio. Januari 22, mwaka 1944, majeshi ya Marekani na Uingereza yalishuka pwani hiyo ya Italia, yakabanwa katika eneo dogo hadi mwezi wa Mei. Askari walikaa mahandakini, wakawa na kiu ya kusikia muziki na habari. Basi wakajitengenezea redio zisizo na betri. Waya uliviringishwa juu ya bomba la karatasi ngumu ukawa koili, waya mwingine mrefu ukawa antena, na mwingine ukachomekwa ardhini. Mahali pa dayodi waliweka wembe, na juu yake kipande cha risasi ya penseli kilichoshikwa na pini ya nguo. Mahali ncha ya penseli ilipogusa wembe paliruhusu umeme upite vizuri zaidi upande mmoja, na hilo lilitosha kuitoa sauti katika mawimbi na kuifikisha kwenye kisikilizio. Nguvu yote ilitoka katika mawimbi yenyewe. Ilimpasa askari aitembeze ncha ya penseli juu ya wembe taratibu sana hadi sauti itokee, na mtikisiko mdogo uliipoteza. Mwaka uo huo askari wa Afrika Mashariki wa Divisheni ya 11 walikuwa wakipigana Burma. Redio ya wembe hupokea stesheni za masafa ya kati zilizo karibu, wala haifai kwa zile za FM zinazosikilizwa zaidi siku hizi, kwa hiyo mzee hakumwahidi kijana muziki.

Siku ya nne mama akautoa ufunguo kifuani. Alisema atakaa papo hapo aone kila kitu, na kama amri imevunjwa basi ni yeye aliyeivunja.

Mawe yalitolewa kwanza, maana kipimo hiki kina umeme wake na hakitumiwi juu ya saketi yenye umeme mwingine. Kila skrubu iliwekwa juu ya sahani kwa mpangilio iliyotolewa. Misumari ikagusa ncha mbili za spika: taa ikawaka, na spika ikatoa mlio mdogo, "kwa!" Mama akashtuka. Ilikuwa sauti ya kwanza ya redio ile katika muda wa majuma mawili. Spika ilikuwa nzima. Swichi nayo ilikuwa nzima. Chemchemi mbili za kushikia mawe zilikuwa na ukungu wa kijani ulioachwa na mawe yaliyovuja, zikasuguliwa kwa msasa laini na kufutwa. Bado ule waya mweusi utokao kwenye nyumba ya mawe. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Kijana alipoupima, taa haikuwaka, na ni mama aliyeuona ukweli: aliupinda waya kidogo kwa vidole, taa ikamweka, kisha ikazima. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda lake.

Hakukuwa na pasi ya kulehemu. Mzee alichukua kipande kinene cha shaba chenye mpini wa mti, akakipasha moto katika sigiri, na kwa waya laini wa risasi wenye dawa ndani yake wakaunga kipande kipya. Katika kukitoa, shaba iliteleza ikagusa pembe ya redio na kuacha alama ya kuungua, kubwa kama kucha. Hakuna aliyesema neno. Mikono ikaoshwa kwa sabuni, kwa kuwa risasi ni sumu, na mawe yakarudishwa. Transista zote zilikuwa hai.

Usiku ule walisikiliza habari hadi mwisho. Baadaye mama alijifunza kukitumia kipimo mwenyewe. Aligundua kwacho ukatikaji katika waya wa pasi yake ya nguo, akiwa ameichomoa kwanza na kuuweka mkia wake mezani mbele ya macho yake. Umeme wa ukutani ni wa volti 240, na haumpi mtu nafasi ya kujifunza kutokana na kosa.

Sajini alirudi likizo mwezi wa Desemba. Alioga, akala, akaketi, akaiondolea redio kitambaa. Akaiona alama. Aliipapasa kwa kidole gumba muda mrefu, kisha akauliza ni nani. Kijana akasimama wima, mama naye akasimama.

"Imekuwa ikisema?" akauliza sajini.

"Ndiyo, afande," akajibu kijana.

Sajini akaifungua, akasikiliza kidogo, akaizima. Halafu akavuta mfuko wake wa safari, akatoa tochi iliyokwisha kukataa kuwaka tangu Septemba, akampa.

"Kalete hiyo misumari yako."