Nani Ameshika Mizani

Kamachumu, Muleba
Desemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesikia umepata kazi ya kuandika habari za teknolojia huko Dar es Salaam. Hongera, na Mungu akutangulie. Kabla hujaanza nina neno, na kama ilivyo kawaida ya wazee wa huku, halitakuwa fupi. Habari za teknolojia za kwetu karibu zote zimefumwa kwa uzi mmoja: kimekuja chombo kipya, kiongozi amekata utepe, mwananchi wa hali ya chini amekombolewa. Nakusihi uzisome kwa mashaka na uziandike kwa mashaka. Chombo chenyewe sina ugomvi nacho. Ninachodai ni kwamba hakiji kwenye uwanja mtupu. Kinakuta tayari yupo mwenye ardhi na asiye nayo, anayekopesha na anayekopa, anayeamuru na anayetii, na mara nyingi kinaanza kwa kumtumikia yule aliyekuwa na nguvu tangu zamani. Mwandishi asiyemtazama huyo ameandika tangazo la biashara, hata kama hakulipwa.

Anza na kahawa, maana hapa kwetu kila mazungumzo huishia kwenye kahawa. Buni ilikuwapo Buhaya kabla ya mkoloni. Watu waliitafuna na mgeni alikaribishwa nayo. Ilipogeuzwa zao la fedha wakati wa Wajerumani na Waingereza, ndiyo iliyokuwa teknolojia mpya ya zama zile, pamoja na meli za ziwani, sarafu na soko la ng'ambo. Mtu angeweza kuandika kwamba Mhaya ametajirika, na asingekuwa mwongo: nyumba za bati zilijengwa, watoto wakapelekwa shule mapema kuliko sehemu nyingi za Tanganyika. Lakini sehemu ya ardhi ilikuwa ya nyarubanja, yaani mashamba ambayo abakama, wafalme wa Kihaya, na wakubwa wao waliyamiliki juu ya vichwa vya watu walioishi humo na kuyalima. Mtwarwa, yaani huyo aliyelima humo, alidaiwa sehemu ya mavuno au nguvu za mikono yake. Kahawa ilipopanda thamani, ardhi hiyo ikatamaniwa zaidi. Mbuni haukuung'oa unyarubanja, uliunenepesha. Kilichoung'oa ni sheria za serikali huru katika miaka ya 1960. Liweke hilo akilini, nitalirudia, kwa kuwa ni upanga ukatao kuwili.

Leo mnada wa kahawa unafanyika kwa mtandao. Chama cha msingi kinakusanya kahawa ya maganda, mzigo unaingizwa kwenye mfumo, wanunuzi wanashindana wakiwa popote walipo, na bei inasomwa hadharani. Mimi naunga mkono bei kusomwa hadharani. Mizani ya gizani imewaibia watu wa mkoa huu wa Kagera miaka mingi. Ila tazama kinachotokea miezi kadhaa kabla ya mnada. Januari ada ya shule inadaiwa, mgonjwa yuko wodini, na ndani hakuna kitu. Mkulima anauza maua. Hiyo ndiyo butura: unapokea fedha kidogo leo kwa kahawa itakayoiva baadaye, kwa bei aliyoitaja mwenye fedha. Butura imepigwa marufuku mara nyingi, na jambo linalopigwa marufuku mara nyingi ujue bado lipo. Siku ya mnada kioo kinaonyesha bei nzuri, lakini gunia lilishauzwa likiwa maua. Bei ya wazi humfaa anayeweza kuisubiri. Utaniambia siku hizi ipo mikopo ya simu. Ipo. M-Shwari ya Kenya, iliyoanza mwaka 2012 na kuigwa kwingi, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiuhuisha mkopo huo mwaka mzima umelipa kama asilimia 90, na mbuni hauivi kwa siku 30. Mnunuzi wa butura hana haja ya kuiogopa simu hiyo. Anaweza hata kuitumia kumtumia mkulima fedha.

Halafu kuna kosa la kuupa mfumo sifa ya mvua. Mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025 bei ya robusta katika soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Sababu kubwa ilikuwa ukame Vietnam, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa robusta, na mavuno mabaya ya Brazili. Katika msimu kama huo mkulima wa Nshamba angepata bei nzuri hata kama kahawa ingepimwa kwa debe na kuandikwa kwa mkaa ukutani. Je, mfumo haukusaidia chochote? Huenda umesaidia, na jambo hilo linapimika. Chukua bei ya London, toa usafiri, ukoboaji na makato ya kila ngazi, uone asilimia ngapi imefika mkononi mwa mkulima, kisha ulinganishe na miaka ya kabla ya mfumo. Linganisha pia na bei ya ng'ambo ya Mutukula, maana kwa miaka mingi kahawa yetu imevuka usiku kwenda Uganda kufuata bei. Magendo, waitu, ndiyo kura ambayo mkulima huipiga bila kupanga foleni. Hesabu hizi ni za kuchosha, hazina picha ya kuvutia, na ndiyo maana haziandikwi.

Niende kwenye simu yenyewe. Tangu Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Ili usajiliwe ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Kwa mtu wa Dodoma hiyo ni foleni tu. Kwa mtu wa mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, kitambulisho hutanguliwa na swali la uraia, na swali hilo huku si dogo. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa wahamiaji haramu, na miongoni mwa waliosombwa walikuwamo waliosema wamezaliwa hapa na hawajui kwingine. Sasa fungamanisha mambo. Bila kitambulisho hakuna laini. Bila laini hakuna fedha kwa simu. Na mambo mengine yanazidi kuhamia humo humo, ikiwamo ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23, ambayo mkulima huipata kwa kuandikishwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Kila mfumo mmoja mmoja una sababu nzuri. Kuzuia matapeli wa simu ni sababu nzuri, kuzuia mbolea hewa ni sababu nzuri. Ukiijumlisha unapata mlango mmoja wenye bawabu mmoja, na bibi mwenye vidole vilivyosuguliwa na jembe hadi mashine isivisome anabaki nje, wala hajui amkatie nani rufaa.

Mlango ukiwa mmoja ni rahisi pia kuweka meza ya ushuru hapo. Julai 2021 zilikuja tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Watu walilalamika, na Septemba mwaka huo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Waandishi wengi waliishia kwenye malalamiko na majibu ya mawaziri. Wachache walitazama muundo wake. Tozo yenye kikomo humlemea mdogo: anayetuma mamilioni mengi analipa kilekile cha juu, kwa hiyo kwake ni punje. Na katika mwaka ule wa kwanza miamala ya benki haikuguswa; iliingizwa mwaka 2022. Nani hutumia benki na nani hutumia wakala wa kibandani, huhitaji mzee akueleze. Serikali ilijibu kwamba fedha zinajenga vituo vya afya na madarasa, na vilijengwa. Sikatai kodi. Kijiji bila kituo cha afya ni ufukara wa aina nyingine. Ninachouliza ni kwa nini darasa la mtoto wa maskini lijengwe kwa senti za maskini mwenzake anayemtumia mama yake fedha za mafuta ya taa.

Baada ya ushuru, sasa swichi ya kuzima. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 kwa leseni. Kijana wa Muleba mwenye simu ya bei rahisi na jicho kali alinyamazishwa na bei kabla hajanyamazishwa na polisi. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi. Mwaka 2019 ikalegezwa. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, mitandao ya kijamii ilibanwa. Januari 2021 Uganda ikazima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wake. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku yetu ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchini, ikarudi siku kadhaa baadaye. Mtetezi wa hatua hizi atakwambia uongo huenea haraka na damu humwagika kwa ajili ya uvumi. Hoja hiyo usiidharau. Majirani zetu wa Rwanda walionyeshwa mwaka 1994 kile redio inachoweza kufanya. Lakini giza halichagui. Anayezima uongo kwa kuzima mtandao mzima amezima pia ukweli wa kuusuta, na siku zile wakala wa fedha, mnunuzi wa samaki wa Kemondo na mgonjwa anayemtafuta ndugu yake wote waliadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Ona basi: zile habari za utepe ziliposema tumeunganishwa, hazikusema kamba inashikwa na nani.

Najua utakavyonijibu. Utasema, mjomba, mashaka yakizidi yanaua. Watu wasipoamini chochote watakufa na maradhi yanayotibika. Ni kweli, na ushahidi uko hapahapa. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipozuka Bukoba Vijijini, serikali ilitangaza tarehe 21, wataalamu wakafuatilia waliokutana na wagonjwa, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kuwa umekwisha. Watu 6 walikuwa wamefariki kati ya 9. Kwa virusi vya namna ile huo ni ushindi, nao ulitokana na serikali yenye nguvu iliyosema mapema. Linganisha na Januari 2025. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuna wanaoshukiwa kuugua Marburg Kagera. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mbele ya mkurugenzi mkuu wa shirika hilo kuwa mgonjwa mmoja wa Biharamulo amepatikana. Maabara zilikuwapo mara zote mbili, na madaktari pia. Kilichotofautiana ni utayari wa kusema. Mashaka ninayokupa hayamtazami daktari. Yanamtazama mwenye ufunguo wa kabati la majibu. Wala usidhani kuikanusha kila taarifa ya serikali ndiyo mashaka. Anayekataa taarifa ya wizara kisha akameza sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe amebadilisha bwana tu.

Na hapa narudia nyarubanja. Kuna wanaosema dawa ni serikali kukaa kando na kuacha ubunifu ufanye kazi. Historia ya mashamba yetu haikubali. Mtwarwa hakuokolewa na soko wala na mbuni, aliokolewa na sheria. Nguvu ya serikali inaweza kumpokonya mkubwa kile alichokikalia, na inaweza kumwongezea mdogo mzigo mwingine. Teknolojia humpa kila mmoja mkono mrefu zaidi. Kwa hiyo usimwulize waziri wala kampuni kama mfumo wao ni wa kisasa. Waulize anayekosewa na mfumo anakwenda kwa nani, na atajibiwa ndani ya siku ngapi. Mfumo usio na jibu la swali hilo, hata uwe na kioo cha dhahabu, ni nyarubanja.

Robusta ya huku huanza kuiva kuanzia Mei. Omba likizo au omba nauli, uje na daftari. Usianzie mjini kwenye ofisi zenye kompyuta. Anzia kwa walioiuza ikiwa maua, uandike walilipwa shilingi ngapi, ndipo uende kuisoma bei ya kwenye kioo. Chumba chako kipo.

Mjomba wako