Baada ya Jino la Nyoka

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Neno hilo ni la kweli, lakini halimalizi mambo yote. Wengi hudhani kwamba mtu akisha kupata dawa na kurudi kwake, hatari imekwisha. Sivyo.

Miaka michache iliyopita mdogo wangu alikanyaga kifutu katika shamba la mihogo. Nyoka huyo ni mnene na mzito. Asikiapo nyayo za mtu hakimbii, bali hutulia pale pale. Jirani mmoja alileta kamba ya kufunga mguu, mwingine jiwe jeusi. Tulikataa vyote viwili, kwa maana kamba ikikazwa huua nyama ya mguu, na jiwe lile, ambalo ni mfupa uliochomwa, haliwezi kunyonya sumu. Tulimbeba kwa machela mpaka hospitali. Huko walitia damu yake katika kichupa cha kioo, wakangoja dakika 20. Haikuganda, ndipo wakampa seramu. Siku ya sita aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Siku ya tisa homa ilimshika, viungo vikamwuma, mwili wote ukamwasha. Mjomba aliniita kando, akasema: «Mwalimu, homa hii si ya bure. Nyoka yule alitumwa. Twende kwa mpiga ramli.» Tayari jina la mama mmoja mjane, jirani yetu, lilikuwa likinong'onwa. Nikamjibu: «Mjomba, nakuomba, kwanza turudi kwa waliompa dawa.»

Mganga wa hospitali hakushangaa. Alitueleza kwamba mara nyingi seramu hutengenezwa kwa damu ya farasi aliyezoezwa sumu kidogo kidogo. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini mwili huitambua kuwa kitu kigeni, ukapigana nayo. Kwa hiyo wagonjwa wengine hupata homa na maumivu ya viungo kati ya siku ya 5 na ya 14. Alimpa vidonge, na homa ikapoa. Mama yule mjane naye akaachwa kwa amani.

Lakini kidonda kilibaki. Ngozi ilikuwa nyeusi, ikabidi kukatwa. Miezi minne tulikisafisha na kukifunga. Kisha alijifunza tena kukunja mguu, ili usikakamae. Hata leo huchechemea kidogo, na usiku haendi nje bila taa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000, na kwamba wanaokatwa viungo au kubaki na vilema vya daima ni karibu mara tatu ya hao.

Basi, enyi wazazi, mgonjwa wenu akirudi nyumbani, hesabuni siku. Tunzeni karatasi inayoonyesha tarehe ya seramu. Damu ikitoka katika ufizi au katika mkojo, homa ikirudi, kidonda kikinuka au kikigeuka cheusi, mrudisheni hospitali siku ile ile. Wala msitafute mchawi wa homa ambayo sababu yake yajulikana. Sumu ya nyoka huumiza mtu mmoja. Sumu ya ulimi yaweza kuvunja kijiji kizima.