Kilomita 450 Kwenda kwa Mume Wangu

Kama wewe unaishi Dar na mwenzako yuko Dodoma, maisha haya huhitaji kuelezwa. Tangu 2016, Serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kweli kweli, ofisi zilifungashwa, mafaili yakapakiwa, na ndoa nyingi changa zikajikuta na anuani mbili. Mmoja yuko Area C, mwingine kabaki Tandika. Ijumaa jioni tiketi, Jumapili jioni tiketi. Tunashukuru treni ya umeme imefika Dodoma mwaka 2024, safari sasa ni ya saa nne hivi au pungufu. Lakini treni haipatanishi mtu. Inakuwahisha tu kwenye mjadala mliouacha wiki iliyopita.

Mimi na mume wangu tumo kwenye kundi hilo. Yeye ni mtumishi wa wizara, mimi ni mhariri, na kazi yangu iko Dar. Kwa miaka miwili swali letu lilikuwa moja tu: nani amfuate nani? Tulilijadili kwa simu, kwa meseji, hadi kwa kikao cha wazee. Mama mkwe wangu, ambaye hana maneno mengi, aliipa ndoa yetu jina: ndoa ya tiketi.

Kitu kilichotusogeza mbele hakikuwa kikao kingine. Ilikuwa safari ya baiskeli, watu kumi na mmoja, kutoka Dar hadi Dodoma, siku tano.

“Baiskeli? Na gari mnalo?”

Hilo lilikuwa swali la shangazi yangu wa Mbagala, na nadhani ndilo unalouliza wewe pia. Kwetu huku, baiskeli ni ya muuza mkaa, muuza samaki na yule kijana anayesambaza mikate asubuhi. Wengi tulikulia kwenye keria ya Phoenix ya baba, miguu tumeitanua isiingie kwenye spoku. Ukishasoma na kupata kazi, watu wanategemea utapanda kitu chenye injini. Mwanamke aliyeolewa ndiyo kabisa.

Wazo lilikuwa la mume wangu. Kakulia Mbeya, na akiwa kijana aliwaona waendesha baiskeli wa Tour d'Afrique wakipita na vumbi lao mgongoni. Kama hujawahi kuisikia, ni msafara ulioanza 2003 chini ya kampuni ya Kanada. Watu wanatoka Cairo hadi Cape Town, takriban kilomita 12,000, kwa miezi minne. Miaka ile walikuwa wakikatiza jangwa la Sudan, wakipanda milima ya Ethiopia, wakipita nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya, kisha wakiingia kwetu kupitia Arusha na kushuka hadi Mbeya kabla ya kuvuka kwenda Malawi. Na sisi wenyewe hatukubaki watazamaji. Tangu 2019 kuna Watanzania wanaoendesha kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu, katika msafara uitwao Twende Butiama.

Sisi hatukuwa na miezi minne wala miguu ya Butiama. Tulikuwa na likizo ya wiki moja na barabara moja ambayo mimi na mume wangu tunaijua kwa tuta. Akasema, “Mke wangu, barabara hii tumeipita kwa basi tukiwa tumelala. Hebu tuipite tukiwa macho.”

Kusi la Bagamoyo

Tulijifua miezi minne. Yeye alikuwa akifanya mazoezi kwao Dodoma, mimi na kikundi chetu cha watu wa Temeke, Sinza na Mwananyamala. Jumamosi tulipanda vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, Jumapili tulikwenda Bagamoyo na kurudi. Na Bagamoyo ndiyo iliyonifundisha kwa nini watu huendesha kwa kundi.

Kwenda ni raha, kusi linakusukuma mgongoni. Kurudi ndiyo kasheshe: upepo ule ule unakujia usoni, na baiskeli inakuwa kama imefungwa jiwe. Dawa yake ni kujipanga mstari mmoja, tairi nyuma ya tairi. Aliye mbele anakata upepo, walio nyuma wanaokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu zao. Baada ya dakika chache wa mbele anajitoa pembeni, anarudi mkiani kupumzika, na anayefuata anashika zamu. Hakuna anayekaa mbele safari nzima, hata awe na mapaja ya chuma. Akikaa, ataisha, na akiisha yeye wote mtachelewa.

Kuna na lugha yake. Wa mbele akiona shimo anapaza sauti, “Shimo kulia!” Wa pili anarudia, wa tatu anarudia, mpaka mkiani. “Basi nyuma!” linatoka mkiani kuja mbele. Nimesoma mawasiliano chuo kikuu, nina cheti ukutani, lakini sikumbuki somo lililonigusa hivi: sema mapema, sema kwa ufupi, sema kabla mwenzio hajaanguka. Na katika kilomita zote zile sijamsikia mtu akisema, “Si nilikwambia?”

Pumzi ni ya mtu

Tuliondoka Septemba, saa kumi na moja alfajiri, kabla malori hayajaamka. Siku ya kwanza tulilala Chalinze, ya pili Morogoro chini ya Uluguru, ya tatu tukafanya kipande kifupi hadi Dumila, kuwekea akiba ya siku ya nne. Nyuma yetu ilikuja Noah ya kukodi, imejaa maji, ndizi, tyubu na fundi mmoja wa Tandika anayeziba pancha huku akisimulia mechi ya Yanga.

Siku ya nne ni ya kupanda kwenda Gairo. Kwa basi huoni kitu, dereva anapangua gia tu. Kwa baiskeli unauona mlima mzima, milima ya Ukaguru imekaa inakutazama. Hapo kundi linakatika. Mlimani mwendo ni mdogo, upepo si kitu tena, kwa hiyo kujificha nyuma ya mtu hakukusaidii. Kila mmoja anabaki na uzito wake.

Mume wangu alipanda. Hakugeuka. Nilimwona akipungua, fulana yake ya njano ikawa kama kitufe, kisha kona ikamla.

Nilikasirika, sitaki kukudanganya. Kichwani mwangu hilo lilikuwa picha kamili ya ndoa yetu: yeye kaondoka na Serikali yake, mimi nahema nyuma. Mzee mmoja wa kundi letu, dereva mstaafu wa malori, alikuwa pembeni yangu akinyonga taratibu. Nadhani aliniona uso. Akasema, “Binti yangu, mlimani kila mtu na pumzi zake. Ukipanda kwa pumzi za mwenzio, utazimia.” Kisha akanyamaza, maana na yeye pumzi alikuwa anazihitaji.

Juu, kando ya barabara, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye jiwe na viazi vitamu viwili vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye gazeti. Gairo na viazi, unajua tena. Kimoja alikuwa hajakigusa. Nikamwambia, “Umeniacha.” Akanijibu, “Sijakuacha. Nimekaa hapa dakika arobaini nahesabu kona. Ningekaa pembeni yako ungejilazimisha, na ungefika umekufa.”

Tukala. Halafu, bila kikao, bila wazee, tukaongea. Nilimwambia jambo ambalo kwa simu lilikuwa halitoki: kwamba kila anaponiambia hamia Dodoma, nasikia acha kazi, uje ukae nikusaidie kusubiri. Naye akaniambia lake: kwamba nikisema siwezi kuondoka Dar, anasikia kwamba yeye ni mgeni wa Ijumaa tu, na kwamba usiku mwingine hupika ugali wa watu wawili kwa mazoea, kisha anaula kesho yake. Hilo la ugali sikulijua. Miaka miwili, na sikulijua.

Nchi kavu

Kutoka Gairo hadi Dodoma ni kama kilomita 130, na ndicho kipande kirefu kuliko vyote. Ugogo si jangwa la Sudan, lakini Septemba linakaribia: mvua ni za msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo wakati ule mibuyu haina jani, udongo ni mwekundu, mito ni mchanga mtupu. Jasho linakauka kabla hujaliona, linabaki chumvi kwenye nguo. Sheria ya nchi kavu ni kunywa kabla ya kiu na kula kabla ya njaa. Ukisubiri kiu ikubishie hodi, umeshachelewa saa nzima.

Baada ya soko la mahindi la Kibaigwa, dada mmoja wa Sinza, mhasibu, alishindwa na goti. Alilia. Alitaka kuendelea kwa mguu mmoja. Yule mzee akamfungulia mlango wa Noah na kumwambia kuwa hata kule Tour d'Afrique wapo wanaopanda lori siku wakiugua, na kesho yake wanaendesha tena. Wanaomaliza kila nchi ya barabara ni wachache. Dada akapanda, akawa mgawa maji wetu, na tulipoingia Dodoma jioni alikuwa ndiye mwenye sauti kuliko wote.

Tulichokubaliana

Usifikiri tulirudi na majibu yote. Hadi leo naandika haya nikiwa Temeke na yeye yuko Dodoma. Lakini tuliacha kuulizana nani amfuate nani, tukaanza kuulizana tunakutana wapi. Wale wa Cairo hadi Cape Town hawaendeshi wote mwendo mmoja. Kila mtu anakwenda kwa nguvu zake, ila wanajua chakula cha mchana kiko kilomita ya ngapi na kambi iko wapi.

Vituo vyetu ni hivi. Wikiendi mbili kwa mwezi, zamu kwa zamu, mwezi huu mimi nakata upepo, mwezi ujao yeye. Baada ya saa nne usiku hakuna kubishana kwa simu. Linaandikwa, linasubiri tuonane. Pesa za tiketi zinatoka kwenye mfuko mmoja. Na tumejipa mwaka mmoja na nusu: ndani yake mimi natafuta kazi ya uhariri ninayoweza kuifanya nikiwa Dodoma, na yeye anaulizia uhamisho wa kurudi Dar. Atakayepata kwanza ndiye mwingine atamfuata. Muda huo ukiisha bila kitu, tutakaa chini upya, na ninajua hicho kitakuwa kikao kigumu. Mama mkwe bado anaita ndoa ya tiketi, ingawa siku hizi anauliza kwanza zamu ni ya nani.

Kwako wewe na mwenzako, sisemi mkimbilie Gairo. Anzeni na Pugu, Jumamosi moja, alfajiri. Vaeni kofia ngumu, bebeni tyubu ya akiba na maji kuliko mnavyodhani mtahitaji, na basi likipiga honi nyuma yenu shukeni kwenye changarawe, msishindane nalo. Mtu unaweza kukaa naye Coco Beach mwaka mzima, mishikaki na soda, usimjue. Mpe kilima na jua la saa sita.

Na kama yeye anapanda haraka kuliko wewe, mwache apande. Ila kabla hamjaanza, muulize mtakutana wapi, na uhakikishe jibu lake lina jina la mahali.