Chujio lisilooshwa ni ndoo tu

Baraka, Kivu ya Kusini – Si ajabu kuingia katika nyumba moja hapa Baraka, au katika kijiji cha kandokando ya ziwa, na kukuta chujio la maji limewekwa pembeni likijaa vumbi, huku familia ikinywa maji ya bidoni iliyochotwa ziwani asubuhi ile ile. Mwenye nyumba akiulizwa, jibu huwa fupi: "Lile chujio lilikufa." Mara nyingi halikufa. Liliziba, na hakuna aliyeliosha.

Kwa eneo la Fizi jambo hili si dogo. Kolera iko kwenye mwambao huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni ugonjwa unaomaliza maji mwilini, na hata mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa ndani ya saa chache asipotibiwa. Kweli, Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na maji ya katikati ni maangavu. Lakini mama hachoti katikati. Anachota ukingoni, pale watu wanapooga, wanapofua na wanaposafisha samaki, pale mvua inapoteremsha uchafu wote wa mji. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda pia, likafikia nyumba na vyoo vya watu wa ukingoni.

Machujio yanayotumika majumbani ni hasa ya aina mbili. La kwanza lina kipande cha udongo uliochomwa, mfano wa chupa ndogo nyeupe. La pili lina utando, yaani nyuzi nyingi nyembamba za plastiki. Kila uzi una uwazi katikati kama mrija, na ukuta wake una matundu yasiyoonekana kwa macho. Kijidudu cha kolera kina urefu wa kama elfu moja ya milimita au zaidi kidogo, na matundu ya nyuzi hizo ni madogo kuliko hapo mara kumi na zaidi. Maji yanapita kwa uzito wake yenyewe, bila umeme, na kijidudu kinabaki nje.

Sasa kile kinachobaki nje kinaenda wapi? Hakiendi popote. Matope, majani ya ziwani na vijidudu vinajipanga juu ya utando siku baada ya siku. Maji yaliyokuwa yakitiririka yanaanza kudondoka. Majira ya mvua, mto Mutambala unapoleta tope ziwani, hali hiyo inakuja upesi zaidi. Kwa hiyo kuziba si alama kwamba chujio ni baya. Ni alama kwamba limefanya kazi, na uchafu ule ungekuwa tumboni mwa mtoto.

Hata wenye mashine kubwa hawakwepi kazi ya kuosha. Kule Kanada, ambako Wakongomani wengi wanaishi, kuna wakulima wanaokinga utomvu wa mti uitwao maple baridi inapokaribia kuisha, wakaupika mpaka uwe mzito kama asali. Utomvu ule una sukari ya asilimia 2 hivi tu, na lita 40 hutoa karibu lita moja. Ili wasimalize kuni, wanausukuma kwanza kwa pampu kwenye utando unaozuia sukari na kuacha maji yapite. Wao wanatunza kinachobaki na kumwaga maji, na Baraka inatunza maji na kumwaga kinachobaki. Lakini kazi ikiisha, utando wao unaoshwa siku hiyo hiyo, maana sukari iliyobaki ni chakula cha vijidudu vinavyojenga utelezi. Asiyeosha leo, kesho pampu yake inahangaika bure.

Mifano ya karibu inafundisha pia. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kasai-Oriental, hapa hapa nchini, katika nyumba 240. Chujio la utando lilipunguza sana vijidudu kwenye maji. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja, asilimia 73 ya watu wazima na asilimia 95 ya watoto walisema kwamba jana yake walikunywa pia maji yasiyosafishwa. Huko Kenya ya magharibi, mwaka 2011 yaligawiwa machujio yapata 900,000. Watafiti waliporudi miaka miwili mitatu baadaye, karibu nyumba moja tu kati ya tano ilikuwa bado inalitumia. Kugawa ni kazi ya siku chache, kutunza ni kazi ya miaka.

Na kutunza kwenyewe si kugumu. Maji yenye tope yaachwe kwanza yatulie usiku mzima, kisha yapitishwe kwenye kitenge safi kabla ya kumiminwa kwenye chujio. Chujio la utando linasafishwa kila siku kwa kurudisha maji kinyume, kwa kubonyeza kipira chake au kwa bomba la sindano lililokuja nalo. Bomba hilo lijazwe maji yaliyokwisha kuchujwa. Anayelijaza maji ya ziwa anaingiza uchafu upande ule wa maji safi. Maji machafu yanayotoka yamwagwe, yasinywewe. Chujio la udongo linasuguliwa polepole kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni, na likipata ufa halifai tena. Matundu yasichokolewe kwa sindano, na maji yanayochemka yasimiminwe humo.

Ndoo ya chini na robine yake navyo vioshwe. Chujio haliachi klore ndani ya maji, kwa hiyo kikombe kichafu kikizamishwa mara moja, kazi yote imepotea. Maji yakae yamefunikwa, yachotwe kwa robine.

Swali gumu ni hili: nani ataosha? Mara nyingi ni mama yule yule aliyeteka maji alfajiri, akaenda shambani, akarudi kupika. Akichoka jioni, chujio linalala chafu, na kesho yake linakuwa pambo la nyumba. Papa yupo, na kijana wa miaka 14 yupo. Dakika tano za kila jioni zikipewa mtu mmoja kwa jina lake, chujio litadumu.

Wanaoleta machujio nao wana deni. Wafundishe kuosha mbele ya macho ya watu, tena warudi baada ya miezi mitatu kuona. Walete robine na vipande vya kubadilisha, ili chujio zima lisitupwe kwa ajili ya kipande kimoja kidogo. Na serikali isifikiri kwamba chujio linachukua nafasi ya robine ya mtaani. Wakaaji wa Baraka wanastahili maji safi ya bomba. Mpaka siku yatakapofika, lile chujio lenye vumbi pembeni lioshwe kwanza kabla ya kusema kwamba limekufa.